Mita 3.8 za ziada: kisa cha majengo matatu ya Grand Parc, Bordeaux

Kaskazini ya katikati ya jiji la Bordeaux, Ufaransa, upo mtaa wa nyumba za umma uitwao Grand Parc. Ulijengwa miaka ya 1960, nchi ikiwa bado inahangaika na uhaba wa makazi ulioachwa na vita, na una fleti zaidi ya 4,000. Tunachokichambua hapa ni majengo yake matatu tu, yanayotambulika kwa herufi G, H na I. Ni majengo ya ghorofa 10 hadi 15 yenye jumla ya fleti 530, zote za kupangisha, chini ya Aquitanis, shirika la umma la nyumba la eneo hilo. Kazi ilipomalizika, kufikia mwaka 2017, majengo hayo yalikuwa yameongezewa mbele yake nafasi yenye kina cha mita 3.8: baraza iliyozungushiwa vioo, na nje yake roshani ya wazi. Wapangaji hawakuhamishwa. Kodi haikupanda.

Anayefanya kazi katika nyumba za umma anajua kwamba mambo hayo matatu, yaani nafasi zaidi, mpangaji kubaki kwake na kodi ileile, huwa hayakai chungu kimoja. Ukipata mawili, la tatu limekuponyoka. Kwa hiyo kinachofaa kuulizwa kuhusu Grand Parc ni yaliwezekanaje yote matatu, na nani aliamua nini mapema kiasi cha kuyafanya yawezekane. Sifa zilikuja zenyewe: mradi ulipata tuzo ya usanifu ya Umoja wa Ulaya, ile yenye jina la Mies van der Rohe, mwaka 2019, na mwaka 2021 wasanifu wake wakuu, Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wakapewa tuzo ya Pritzker, ya juu kabisa katika usanifu majengo. Walifanya kazi hii pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin.

Upepo wa wakati ule ulikuwa unavuma upande mwingine. Sheria ya Agosti 2003 nchini Ufaransa iliweka mpango wa miaka mitano wa kubomoa nyumba za umma 200,000, kujenga idadi hiyohiyo na kukarabati nyingine 200,000. Kubomoa kulikuwa kumeshakuwa alama ya maendeleo: jengo linaporomoka mbele ya kamera, vumbi linatanda, viongozi wanapiga makofi. Mwaka 2004 Lacaton, Vassal na Druot walitoa utafiti uliopinga jambo hilo kwa hesabu na michoro. Msimamo wao ulikuwa kwamba nyumba hizi zisibomolewe kamwe. Kinachotakiwa ni kuongeza na kugeuza kilichopo. Wakati huo ulionekana msimamo wa ukaidi. Grand Parc ndipo ulipopimwa kwa ukubwa unaoaminika.

Kuhesabu kilichopo

Hatua ya kwanza katika kazi ya aina hii haina mvuto hata kidogo: ni kuorodhesha kile ambacho tayari kipo na kinafanya kazi. Majengo ya Grand Parc yalikuwa na mifupa mizima. Zege lilibeba, sakafu zilikuwa imara, vyumba vilikuwa na ukubwa wa kuridhisha. Fleti zilikuwa na familia zilizoishi humo miaka mingi, zenye samani zao, majirani wao na shule za watoto wao. Kasoro zilikuwa bayana pia: madirisha madogo, hakuna mahali pa kutoka nje ukiwa ghorofa ya 12, bafu zilizochakaa, nyaya za umeme za zamani, na ukuta wa nje unaovujisha joto wakati wa baridi.

Ukiziweka orodha hizo mbili sambamba, uamuzi unakuwa karibu kujitokeza wenyewe. Kasoro nyingi ziko kwenye ganda la nje, yaani sentimita chache za ukuta. Thamani iko ndani. Anayebomoa jengo zima ili kuondoa kasoro za ukuta wa nje analipia mara tatu: analipia kuvunja kilicho kizima, analipia kukijenga tena, na analipia kuwahamisha watu kwa miezi au miaka, na baadhi yao hawarudi. Malipo haya ya tatu aghalabu hayaonekani kwenye bajeti ya mradi kwa sababu hulipwa na wapangaji wenyewe.

Hapa ndipo tathmini nyingi huharibika. Mkaguzi hupewa fomu yenye safu ya kasoro, na fomu hiyo haina safu ya mali. Anaandika nyufa, unyevu, rangi iliyobanduka. Hakuna anapoandika kwamba mpangaji wa ghorofa ya 9 ameweka sakafu ya mbao kwa mikono yake, au kwamba sebule inapokea mwanga wa mchana hadi jioni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Asiyeingia ndani na kukaa kitako na wenye nyumba hutoka na orodha ya nusu, kisha anaamua kwa orodha hiyo ya nusu. Ushauri wetu kwa anayeanza tathmini kama hii ni kugeuza mpangilio wa ziara: aanzie sebuleni, aende dirishani, halafu ndipo atoke nje kuutazama ukuta.

Kuweka fedha zote mahali pamoja

Uamuzi uliofuata ndio tunaouona wa msingi zaidi kuliko mchoro wenyewe. Timu ya wasanifu iliamua kutoingilia kwa kiasi kikubwa mifupa, ngazi wala sakafu za jengo. Fedha zilizookolewa hapo zilikwenda kwenye nyongeza. Ndani ya fleti walitengeneza bafu na umeme. Maingilio ya chini, lifti na bustani za mbele vilipata uangalizi pia. Basi.

Inahitaji nidhamu kubwa kufanya hivyo. Katika vikao vya mradi wa ukarabati kila idara huja na ombi lake la haki: jiko jipya, milango mipya, vigae vya ngazini. Ukimpa kila mmoja kidogo, bajeti huisha na mpangaji anabaki na nyumba ileile iliyopakwa rangi. Pale Bordeaux nyongeza ilifikia zaidi ya mita za mraba 20,000 kwa majengo yote matatu, wastani wa karibu mita 40 kwa kila fleti. Hicho ni kipimo cha chumba kikubwa na zaidi.

Timu haikufika Grand Parc ikibahatisha. Mnara wa Bois-le-Prêtre, kaskazini mwa Paris, ulikuwa umeshapitia njia hiyohiyo na kukamilika mwaka 2011. Ni jengo la ghorofa 16 lenye fleti 96, lililosanifiwa na Raymond Lopez na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kubomoa na kujenga upya kulikadiriwa kugharimu takriban euro milioni 20. Kuongeza kuligharimu zaidi kidogo ya milioni 11. Mnara huo una somo jingine ambalo husahaulika. Ulikuwa umeshakarabatiwa mara moja kabla ya hapo: ulivikwa paneli za kuhami joto, na madirisha yakawa madogo. Kwenye karatasi lilikuwa jambo jema, joto halitoki. Kwa aliye ndani, nyumba ilizidi kuwa na giza na kufungika. Ukarabati unaopimwa kwa kipimo kimoja, hata kipimo chema kama cha nishati, unaweza kuifanya nyumba iwe mbaya zaidi kuikalia.

Kazi yenyewe, siku kwa siku

Nyongeza ya Grand Parc ni muundo unaosimama peke yake mbele ya jengo la zamani, wenye nguzo zake. Haujaning'inizwa kwenye zege la mwaka 1960-na-kitu, ambalo halikupigiwa hesabu ya kubeba mzigo huo. Nguzo na slabu, yaani mabamba ya zege ya sakafu, zilimiminwa kiwandani, zikaletwa kwa malori na kupandishwa kwa kreni, ghorofa juu ya ghorofa.

Ukiangalia mpangilio huo kwa jicho la fundi utaona faida ya pili. Slabu ikishakaa mbele ya dirisha, inakuwa jukwaa. Mafundi wa kukata ukuta wanasimama juu ya sakafu halisi ya zege yenye kina cha karibu mita nne, wanaweka vifaa hapo, wanatolea vipande vya ukuta hapo. Vumbi na kifusi vinakwenda nje badala ya kupitia sebule ya mtu na korido na lifti. Mpangaji anaendelea kupika jikoni huku kazi ikiendelea upande wa pili wa nyumba.

Muda uliofikiwa kwa fleti moja ni siku 12 hadi 16. Kuweka slabu kulichukua nusu siku. Kukata ukuta wa zamani siku mbili. Kufunga ukuta mpya, yaani fremu na milango mikubwa ya vioo inayosukumwa pembeni, siku mbili nyingine. Siku 8 hadi 12 zilizobaki zilikuwa za ndani: bafu, umeme, na kufunika alama zote za kazi. Tazama jinsi muda ulivyogawanyika. Lile jambo linaloonekana kubwa kutoka barabarani, kupandisha slabu ya zege hadi ghorofa ya 14, ndilo fupi kuliko yote. Linalokula siku ni bomba la maji chini ya sinki.

Siku mbili za kukata ukuta ndizo ngumu kwa mwenye nyumba, na ndizo zinazotaka maandalizi ya kina. Kawaida ya kazi kama hii ni kusogeza samani nyuma angalau mita moja na nusu kutoka dirishani, kisha kusimamisha ukuta wa muda wa mbao nyepesi na plastiki kutoka sakafuni hadi darini, kingo zote zikibandikwa utepe. Pazia la plastiki lililoning'inizwa tu halizuii chochote. Vumbi la zege ni laini kuliko unga na hupita kwenye uwazi wa milimita. Zege hukatwa kwa msumeno wenye meno ya almasi unaomwagiwa maji, kwa hiyo tope lazima litegewe mfereji, la sivyo linashuka kwa jirani wa chini. Jioni ya siku ya kwanza uwazi ufungwe. Nyumba yenye watu ndani hailali wazi, hata kwa usiku mmoja, hata hali ya hewa ikiwa nzuri.

Kabla ya kisu cha kwanza kugusa ukuta lazima mambo mawili yathibitishwe kwa kipimo. La kwanza ni kama ukuta ule unabeba mzigo. Katika maghorofa mengi ya Ufaransa ya kipindi kile mzigo hubebwa na kuta za kukatiza zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, na ukuta wa mbele ni wa kuzibia tu; lakini michoro ya zamani na jengo lililosimama huwa haviafikiani kila mahali, na fundi wa zamani aliyehamisha nondo hakumwambia mtu. Tobo dogo la majaribio katika kila aina ya fleti ni nafuu kuliko kusimamisha kazi kwenye ghorofa ya sita. La pili ni asibesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ambayo katika majengo ya umri huo hujificha kwenye gundi ya vigae vya sakafuni, kwenye viunga vya madirisha na kwenye mabomba. Ikigunduliwa siku ya kukata, ratiba yote ya siku 16 imekufa.

Kelele nazo ni suala zito. Zege hubeba sauti. Msumeno wa ghorofa ya tatu unasikika ghorofa ya tisa. Kwa hiyo mpangaji hasumbuliwi siku zake 16 tu, anasumbuliwa na siku za majirani wote wa mstari wake. Jawabu ni kupanga kazi kwa mistari ya wima, mstari mmoja uishe uhamie mwingine, na kutangaza saa za kukata na kuziheshimu. Mfanyakazi wa zamu ya usiku anayejua kwamba msumeno hauanzi kabla ya saa nne asubuhi anaweza kupanga usingizi wake. Asiyeambiwa anaanza vita, na vita ya fleti moja iliyofungwa mlango husimamisha mstari mzima wa ghorofa 15.

Ndiyo sababu tunasema kwamba nafasi ya mtu anayegonga milango inapaswa kuandikwa kwenye bajeti kama nafasi ya kitaalamu. Ni yeye anayejua nani mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, nani anasafiri lini, funguo zipo kwa nani. Fleti 530 ni ratiba 530. Mara nyingi kazi hii hutupiwa msimamizi wa ujenzi aifanye katikati ya simu zake nyingine, na hapo ndipo miradi ya kukarabati huku watu wakiwemo inapovunjika. Ujenzi unakuwa umekwenda sawa, makubaliano ndiyo yamekwenda kombo.

Jinsi baraza inavyofanya kazi

Baraza ya vioo ina ngozi mbili. Ya ndani ni ile milango mikubwa ya vioo vya tabaka mbili iliyochukua nafasi ya dirisha dogo. Ya nje ni nyepesi: paneli za polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) na vioo kwenye fremu za alumini, zinazosukumwa pembeni. Kati yake ni chumba kisichopashwa joto, chenye pazia la kurudisha miale ya jua. Majira ya baridi, hewa iliyonaswa katikati hupata joto la jua na kuwa koti la nyumba. Mchana wa jua unafungua milango ya ndani, joto linaingia, jioni unaifunga. Majira ya joto unafanya kinyume: paneli za nje zinafunguliwa, pazia linavutwa.

Kina cha mita 3.8 kina matokeo yanayoweza kupigiwa hesabu. Bordeaux iko karibu na latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Chukua ukuta unaotazama kusini na dari ya mita 2.5. Adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua huwa juu karibu nyuzi 68 kutoka upeo wa macho, na slabu ya ghorofa ya juu hutupa kivuli kinachofunika ukuta wote wa ndani na kupita. Miale haigusi sebule. Adhuhuri ya mwishoni mwa Desemba jua liko chini, karibu nyuzi 22. Slabu ileile inakinga takriban mita 1.5 ya juu ya ukuta, na mita 1 ya chini inapata jua la moja kwa moja, pamoja na sakafu ya baraza yote. Kwa hiyo kivuli cha kiangazi ni kamili, na jua la baridi ni la nusu. Hiyo ndiyo bei ya kina. Anayeongeza hadi mita tano atapata baraza pana na sebule ya giza. Anayeweka mita mbili atapata jua ndani, lakini meza ya watu sita haitakaa. Kwa mizani hiyo, 3.8 ni kipimo cha mtu aliyefikiria meza na jua kwa pamoja.

Kivuli hicho si anasa. Kiangazi cha 2003 wimbi la joto liliua watu karibu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, wengi wakiwa peke yao ndani ya nyumba.

Makosa yanayojulikana katika nafasi za aina hii yanahusu matumizi. Kubwa kuliko yote ni kuipasha baraza joto. Familia inaona chumba kizuri, inaweka kipasha joto cha umeme, ngozi nyembamba ya nje haizuii chochote, na faida yote ya nishati inatoka na bili. La pili ni mpangaji kufunga paneli za nje wakati wa kiangazi kwa kuogopa vumbi au wezi. Baraza inageuka tanuri. La tatu ni mahali nyongeza inapokutana na jengo la zamani. Msingi mpya huzama kidogo katika miaka ya mwanzo, wa zamani umeshatulia siku nyingi. Kiungo kati ya slabu mpya na sakafu ya zamani kinatakiwa kiweze kucheza milimita kadhaa bila kupasuka na bila kupitisha maji. Fundi anayekijaza saruji ngumu ili kipendeze siku ya makabidhiano ameacha ufa na uvujaji kwa mwaka wa pili.

Kazi ni ipi hasa

Swali la maana ya kazi huwa halionekani katika ripoti za nyumba, lakini limo katika kila uamuzi. Msanifu aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kuacha umbo jipya mjini anatakiwa, kwenye Grand Parc, kuacha jengo la mtu mwingine limesimama na kuweka jina lake kwenye nyongeza. Ofisa wa shirika aliyezoea kupimwa kwa idadi ya fleti mpya alizozindua hana hata moja ya kuzindua. Fleti zilikuwa 530 tangu mwanzo. Bila kubadilisha kinachohesabiwa, mradi kama huu unaonekana kama kazi isiyofanyika.

Lacaton na Vassal walikuwa wameshakutana na swali hilo kwa sura kali zaidi, tena katika jiji hilohilo la Bordeaux. Mwaka 1996 waliombwa kupendezesha uwanja mdogo wa umma, Place Léon Aucoc. Una umbo la pembetatu, miti kuzunguka, mabenchi, mahali pa kuchezea mipira ya chuma. Waliutembelea mara nyingi, wakazungumza na wakazi, wakahitimisha kwamba tayari ni mzuri. Pendekezo lao lilikuwa kubadilisha changarawe, kusafisha mara nyingi zaidi, kutibu miti na kurekebisha kidogo upitaji wa magari. Hakuna zaidi. Wengine wanakihesabu kisa hiki kama kichekesho cha wasanifu. Sisi tunakiona kama kazi kamili ya kitaalamu: uchunguzi ulifanyika, uamuzi ulitolewa, na uamuzi ukawa na vifungu vinavyotekelezeka. Daktari anayempima mgonjwa na kumwambia hahitaji upasuaji amefanya kazi yake.

Mzizi wa mtazamo huo wenyewe wanaupeleka Niger. Vassal alifanya kazi huko ya mipango miji kwa miaka mitano, kuanzia 1980, na Lacaton alikuwa akimtembelea. Kazi yao ya kwanza ya pamoja ilikuwa nyumba ya nyasi huko Niamey, mwaka 1984. Mahali ambapo kila kijiti na kila kipande cha kitambaa kina kazi, huwezi kujifunza kuvunja kabla ya kuuliza.

Kwa shirika la nyumba, tungependekeza vipimo viwili viingie kwenye ripoti ya mwaka kando ya idadi ya fleti. Kimoja ni mita za mraba alizoongezewa mpangaji kwa kodi ileile. Kingine ni siku za usumbufu kwa kila kaya, zikihesabiwa kwa uaminifu pamoja na kelele za majirani. Ofisa anayepimwa kwa hivyo viwili ataamka asubuhi akiwa na sababu ya kupigania nusu siku ya slabu na utepe wa kuzuia vumbi. Hatasubiri uzinduzi ili ajue kama amefanya jambo la maana. Atalijua kila wiki ya pili, mstari mmoja wa fleti unapokwisha.

Isivyofaa

Njia hii ina mipaka. Inataka mifupa mizima. Jengo lenye nondo zilizoliwa na kutu haliponi kwa baraza. Inataka ardhi mbele ya jengo, na mitaa ya miaka ya 1960 ilikuwa nayo tele kwa sababu majengo yalisimamishwa katikati ya viwanja vya nyasi. Pale ambapo majengo yamebanana kwa mita sita, nyongeza ya karibu mita nne ni kumzibia jirani mwanga. Inataka pia mahitaji ya kweli ya nyumba mahali hapo. Na haigusi umaskini wa kipato, umbali wa ajira wala ubaguzi, ambavyo mtaa wa nyumba za umma hubebeshwa lawama yake. Anayeiuza kama dawa ya hayo yote ataiharibia jina.

Vilevile ipo njia nyingine ya kuliokoa jengo, na ni vizuri kuitofautisha. Kleiburg, jengo la fleti 500 lenye urefu wa mita 400 huko Bijlmermeer, Amsterdam, lilinusurika kubomolewa kwa wawekezaji kukarabati mifupa na huduma za pamoja, kisha kuuza fleti zikiwa tupu ili wanunuzi wamalizie wenyewe. Lilipata tuzo ileile ya Ulaya mwaka 2017. Jengo liliokoka, lakini liliacha kuwa nyumba ya umma ya kupangisha. Kwa shirika ambalo wajibu wake ni kwa mpangaji, hilo ni tokeo tofauti kabisa hata kama picha zinafanana.

Kodi kutopanda nako kuna deni lake. Paneli za nje, reli za milango, mapazia na mifereji ya kukusanyia maji ni vitu vipya vinavyochakaa, na vimezidishwa kwa 530. Mfano wa kutisha ni Pruitt-Igoe, St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyofunguliwa kuanzia 1954, matengenezo yakitegemea kodi za wapangaji maskini. Wapangaji walipopungua, kodi ikapungua, lifti zikakwama, mabomba yakapasuka, watu zaidi wakaondoka. Kubomolewa kulianza 1972. Kwa hiyo katika mradi wa mfano wa Grand Parc, mstari wa matengenezo uandikwe siku ileile unapoandikwa mstari wa ujenzi: nani anasafisha reli, mara ngapi kwa mwaka, pazia linabadilishwa baada ya miaka mingapi, fedha inatoka mfuko gani.

Siku ya kukabidhi fleti, hati ya makabidhiano ipitiwe na mpangaji mwenyewe akiwa ameshika mpini. Kila paneli isukumwe kutoka mwanzo hadi mwisho wa reli na mtu mzee kuliko wote katika kaya, ikimshinda, haijakabidhiwa. Pazia livutwe na kurudishwa. Ndoo ya maji imwagwe kwenye sakafu ya roshani kuona inaelekea kwenye tundu au inarudi mlangoni. Mpangaji aonyeshwe, kwa mkono na kwa karatasi yenye picha iliyobandikwa ukutani, nini hufunguliwa Julai na nini hufungwa Januari. Kisha tarehe mbili ziandikwe mbele yake: ya ziara ya kwanza baada ya baridi kuanza, na ya ziara ya wiki ya kwanza ya joto kali, ambapo mtu wa shirika atapanda hadi ghorofa yake kuona kama paneli za nje zimefunguliwa.